Kisa cha matekenya: kutoka kidole cha mfanyabiashara wa Mwaloni hadi sakafu ya Buchosa

Mwanamke wa miaka 34, mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, alikuja kwenye kituo cha afya ninapofanya kazi ya utabibu akiwa amevaa kiatu mguu mmoja na kandambili mguu wa pili. Kidole chake kidogo cha mguu wa kulia kilikuwa kinawasha usiku na kuuma mchana. Kabla ya kufika kwetu alikuwa ameuziwa krimu ya fangasi kwenye duka la dawa, akaipaka siku tano bila nafuu. Jirani akamwambia hiyo ni sugu, aikate kwa wembe. Akajaribu, damu ikatoka, akaogopa kuendelea.

Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu kidole kile kilitufikisha kwa mtoto ambaye hakuna aliyekuwa amempeleka hospitali. Pia kuna jambo ninaloliamini kabisa: anayejua kusoma umri wa matekenya, wale viroboto wanaozama ndani ya ngozi, anaweza kujua mtu aliwapata wapi, na kama bado anaendelea kuwapata. Familia imekubali kisa kiandikwe. Majina na kijiji nimeviacha.

Kidole

Pembeni mwa ukucha palikuwa na uvimbe wa mviringo wa milimita kama 7, umekaza, mweupe unaoelekea manjano, na katikati yake kitone kimoja cheusi. Ukitaka kuupata haraka akilini, fikiria jicho la dagaa aliyekaushwa. Ngozi ya kuuzunguka ilikuwa nyekundu na yenye joto kidogo. Nilipoangalia kwa lenzi niliona uzi mwembamba wa kahawia umetoka kwenye kile kitone na kufuata mistari ya ngozi, na kando yake chembe nyeupe tatu nne zimenasa. Uzi ule ni kinyesi cha mdudu. Chembe zile ni mayai yake. Hapo hapakuwa na haja ya maabara. Tekenya hutambuliwa kwa macho, mradi mguu uwe safi na mwanga utoshe.

"Dada, ndani ya wiki tatu hizi umelala popote nje ya nyumbani kwako?"

"Nilikuwa msibani Buchosa, kwa mama. Tulimzika kaka yangu. Nimerudi wiki iliyopita."

"Kule ulilala kitandani?"

"Kitanda kitoke wapi, daktari, na watu wote wale? Tulilala chini, chumbani kwa mama, kwenye mkeka."

Nikamwomba avue na kiatu cha pili. "Huo mzima," akasema, lakini akavua. Kwenye kisigino cha kushoto, katikati ya magaga, palikuwa na kitone kingine cheusi chenye duara jeupe. Yeye alidhani ni ufa tu. Hali hiyo ni ya kawaida sana: ngozi nene ya kisigino huuficha uvimbe, maumivu yakawa madogo, na mdudu akamaliza maisha yake humo bila mwenye mguu kujua. Kwa hiyo mtu akikuonyesha tekenya mmoja, kagua miguu yote miwili, katikati ya vidole, chini ya kucha, kingo za nyayo na visigino, hata kama anakuapia kwamba haumwi popote pengine.

Umri wake

Tekenya, ambaye wengine humwita funza, ni kiroboto. Ni mdogo kuliko viroboto wote, urefu wake milimita 1 hivi, na jina lake la kitaalamu ni Tunga penetrans. Dume na jike wote hunyonya damu, lakini anayezama kwenye ngozi na kukaa humo ni jike peke yake. Huingia kwa kichwa. Sehemu ya nyuma huibakiza nje kwenye tundu dogo, na kwa tundu hilo hilo anapumua, anatoa kinyesi, dume humfikia na mayai hutoka. Hicho ndicho kitone cheusi unachokiona. Mwili uliobaki ndani hujaa mayai na kuvimba hadi kufikia milimita 5 mpaka 10. Kwa mdudu wa milimita 1, huko ni kukua kwa kutisha, na maumivu yanatokana na ngozi kulazimishwa kumpa nafasi.

Kukua huko kunafuata ratiba, na ratiba hiyo ndiyo inayotusaidia. Saa za mwanzo huoni zaidi ya kitone chekundu kinachowasha kidogo, na hapo hata mimi naweza kukichanganya na alama ya mdudu mwingine. Siku ya kwanza au ya pili kiini cheusi kinajitokeza na ngozi inaanza kuinuka. Kuanzia siku ya tatu hadi wiki ya tatu duara jeupe linakuwa kamili, panavimba, panauma, mayai yanatoka na kuanguka chini kila mtu anapotembea au kulala; jike mmoja hutaga zaidi ya mia moja. Baada ya hapo anakufa. Wiki ya tatu hadi ya tano uvimbe unasinyaa na kuwa gamba jeusi au la kahawia, kavu. Gamba likidondoka linaacha shimo dogo la mviringo ambalo linaweza kuonekana kwa miezi.

Sasa rudi kwa mama wa dagaa. Alama zake mbili zilikuwa za umri mmoja, kama siku kumi na kidogo. Hakuwa na gamba, hakuwa na shimo la zamani, wala kitone kipya chekundu. Hesabu iliangukia moja kwa moja kwenye zile siku za msiba. Chumba chake cha kupanga kina sakafu ya saruji, na tangu arudi hakupata mwingine. Aliwapata Buchosa, na kwake wameishia.

Nilimtoa wote wawili kwa sindano safi baada ya kusafisha ngozi, nikipanua tundu taratibu ili mdudu atoke mzima, kwa sababu akipasuka na kubaki ndani panaoza. Akapata chanjo ya pepopunda. Kazi hiyo ilikuwa ndogo.

Wanaofanana naye

Pwani ya ziwa ina wadudu wengi na kila mmoja huacha alama yake, kwa hiyo sishangai muuza dawa akikosea. Hata hivyo tofauti zipo na zinaonekana. Usubi na mbu wakiuma wanaacha vipele vingi kwenye mikono, shingo na miguu yote, vinawasha kweli kweli, lakini baada ya siku mbili tatu vinapungua. Cha tekenya kinafanya kinyume, kila siku kinazidi kukua. Viroboto wa kawaida wa mbwa na paka huuma kuzunguka vifundo vya miguu, na kunguni huacha alama zilizofuatana mstari kwenye sehemu zilizokuwa wazi usiku. Hakuna kati yao anayebaki ndani ya ngozi. Mtu aliyetoka kuoga ziwani akawashwa mwili mzima ndani ya saa chache anaweza kuwa ameingiwa na vijidudu vya kichocho, na huyo anahitaji kupimwa, si kuchokonolewa.

Upele hukaa katikati ya vidole vya mikono, viganja, kiunoni na sehemu za siri, na mara nyingi nyumba nzima inajikuna. Mabuu ya minyoo ya safura ya mbwa huchora mstari mwekundu uliopindapinda unaosogea kidogo kila siku. Kuna pia nzi anayetaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa zikiwa mbichi. Buu lake linakua chini ya ngozi na lina tundu la kupumulia, ndiyo maana watu wanalichanganya na tekenya, lakini hilo hukaa mgongoni, kiunoni, kwenye matako, sehemu zinazofunikwa na nguo, na ukikaza macho unaona likijisogeza. Chunjua ya unyayo ina vitone vyeusi vingi, siyo kimoja, na inachukua miezi. Sugu haina kitone chochote. Mwiba una historia yake: mtu anakumbuka alipochomwa.

Mahali pia panasaidia. Tekenya ni mrukaji hafifu, hapandi juu sana kutoka ardhini, kwa hiyo karibu wote wanapatikana chini ya kifundo cha mguu. Ukiwakuta kwenye vidole vya mikono, viwiko au matako, ujue mtu huyo muda mrefu wa siku yake anautumia akiwa chini kabisa kwenye vumbi: mtoto anayetambaa, mzee asiyeweza kuinuka, au mtu ambaye miguu yake imeshamshinda.

Swali

Kabla hajaondoka nilimuuliza: "Na chumbani mle anaishi nani kila siku?"

"Mama, na mtoto wa marehemu."

"Wao miguu yao ikoje?"

Alichelewa kujibu. "Mama anajikuna. Mtoto yeye anatembea kwa kingo za nyayo, kama anakanyaga makaa. Watu wa pale wanasema ni miguu ya ukoo, kwamba hata babu yao ilikuwa hivyo."

Tulimtafuta kwa simu mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijiji kile, tukamwomba picha kwa WhatsApp. Picha ya kwanza haikufaa: mguu ulikuwa umejaa vumbi, imepigwa ndani ya nyumba, hakuna kinachosomeka. Tukamwomba amwoshe mtoto miguu kwa sabuni, amkaushe, ampige picha nje kivulini, unyayo mmoja mmoja, na vidole vikiwa vimetanuliwa. Iliporudi picha ya pili sikuhitaji kuuliza kitu. Jumamosi tukaondoka na shangazi mtu. Daraja la Kigongo–Busisi limeturahisishia; zamani tungekuwa bado tunasubiri kivuko.

Mguu wa mtoto

Ana miaka 9, yuko darasa la pili. Tulimkuta amekaa chini ukutani wakati wenzake wako mwaloni wanasaidia kugeuza dagaa mchangani. Alipoinuka kutusalimia alikanyaga kwa kingo za nje, magoti yakiwa yamepinda. Alitupa shikamoo kwa sauti ndogo na kuficha mkono wa kulia nyuma.

Tulimwosha tena, taratibu, maji ya vuguvugu na sabuni. Miguu yote miwili na mkono tulihesabu alama zaidi ya hamsini. Wanaoshughulika na ugonjwa huu huchukulia zaidi ya 30 kuwa ni hali nzito. Kucha tatu za miguu zilikuwa zimeshatoka. Kati ya kidole gumba na cha pili cha kushoto palikuwa na usaha, na mitoki ilikuwa imevimba kwenye kinena. Homa hakuwa nayo. Kadi ya chanjo haikupatikana. Ncha za vidole vya mkono wa kulia zilikuwa na alama nne, na hapo nikaelewa kwa nini ameuficha: mkono ule ndio anaoutumia kujisukuma akikaa chini.

Lakini kilichonishika kuliko wingi ni mchanganyiko. Kwenye kisigino kimoja tu mlikuwa na mashimo makavu ya zamani, magamba meusi ya wadudu waliokufa, madoa meupe yaliyokaza yenye mayai, na kando kabisa vitone vyekundu viwili ambavyo havikuwa na zaidi ya siku moja. Umri wote uko pale, kuanzia miezi hadi jana. Mguu wa shangazi ulisema "nililala pale siku kadhaa." Mguu wa mtoto ulisema analala pale leo, na kesho atalala pale. Hata kama tungewatoa wote hamsini mchana ule, usiku wangeanza kuingia wengine. Hili ndilo ninalotaka mhudumu yeyote anayesoma hapa alishike: ukikuta umri tofauti kwenye mguu mmoja, kazi yako bado iko nyumbani kwa mgonjwa, sakafuni.

Bibi

Bibi ana miaka sabini na kitu, mwembamba, anaongea kwa heshima na kwa uchovu. Baada ya salamu nilimuuliza nani alikuwa anawatoa matekenya mle ndani.

"Mimi, baba. Watoto wangu wote niliwatoa. Hata huyu," akamwelekezea binti yake, "jioni baada ya kuoga nilikuwa nampakata miguu hapa mlangoni, jua likiwa bado lipo. Hakuna aliyelala na tekenya nyumba hii."

"Na mjukuu?"

"Mjukuu nimemshindwa. Macho yangu yana ukungu miaka miwili hii. Nikishika pini nachoma nyama nzima, mtoto analia, na mimi nalia. Nikaacha."

Nilimtazama machoni nikaona weupe kwenye mboni zote mbili. Mtoto wa jicho.

Hapo kisa kilifunguka. Nyumba ile ilikuwa na sakafu ya vumbi miaka yote, na watoto sita walikulia humo bila kufikia hali hii. Kilichobadilika ni kwamba mama aliyekuwa anakagua miguu kila jioni hakuona tena, na baba wa mtoto, aliyeweza kumsaidia, alikuwa mgonjwa muda mrefu kabla ya kufariki. Mtoto alikuwa anaogeshwa. Nguo zake zilikuwa zimefuliwa. Anayeangalia miguu ile na kusema familia chafu anakosea, na anamuumiza mtu ambaye ameshaumia vya kutosha.

Kuhusu laana ya ukoo, niliongea na bibi waziwazi, kwa sababu ndiyo iliyomzuia kumpeleka mtoto zahanati. Nilimweleza kwamba mdudu huyu hakuwa wa kwetu. Alitokea Amerika, na mwaka 1872 meli kutoka Brazili ilimwaga pale Ambriz, Angola, mchanga iliokuwa imeubeba kama uzito wa kuituliza majini, matekenya wakiwa humo. Wakasafiri na misafara ya wapagazi na askari kukatisha bara, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1890 walikuwa wameshafika kando ya ziwa hili. Bibi alihesabu vizazi kwa vidole, akasema, "Basi bibi yake bibi yangu hakumjua." Hakumjua. Laana ambayo mababu hawakuijua haiwezi kuwa ya kurithi kutoka kwao.

Sakafu

Chumba kina upana wa hatua chache. Katikati, pale panapokanyagwa, udongo umeshindiliwa na ni mgumu. Tatizo lilikuwa kandokando ya kuta na chini ya mkeka, ambako vumbi lilikuwa laini na kavu, kidole kinazama. Mayai yanaanguka humo humo, yanaanguliwa baada ya siku chache, viluwiluwi wake wanaishi sentimita chache chini ya uso wa udongo wakila uchafu mdogo mdogo, wanajifunga, na ndani ya wiki tatu au nne wanatoka viroboto wapya. Anayelala juu ya mkeka ule yuko mezani kwao.

Kulikuwa pia na mbwa. Usiku analala ndani kwa ajili ya ulinzi, miguuni pa mtoto. Tulipomgeuza nyayo tukakuta vitone vile vile katikati ya vidole vyake. Mbwa, paka, nguruwe, mbuzi na panya wote hubeba tekenya. Ukimtibu mtoto ukamwacha mbwa, umemwachia mtoto chanzo kinachotembea.

Viatu? Mtoto alikuwa navyo, vya shule, vimehifadhiwa juu ya sanduku. Vilikuwa havimwingii tena kwa uvimbe. Wageni wenye nia njema hugawa viatu na kudhani wamemaliza, wakati watoto wengi wanaingiliwa wakiwa wamelala au wamekaa nyumbani, saa ambazo hakuna mtu anayevaa kiatu.

Tiba

Dawa yenye ushahidi mzuri kwa sasa ni mafuta ya dimetikoni yenye mnato mdogo. Yanapenya kwenye lile tundu la kupumulia na kumziba mdudu pumzi. Hayana sumu na hayachomi. Utafiti uliofanyika Kenya na kutolewa 2014 ulionyesha kwamba ndani ya siku saba asilimia 78 ya wadudu waliopakwa mafuta hayo hawakuwa na dalili ya uhai, ukilinganisha na asilimia 39 kwa wale waliolowekwa kwenye dawa ya zambarau, pamanganeti. Sikuwa nayo siku ile. Zahanati ya pale haikuwa nayo pia.

Kwa hiyo tulikwenda kwa njia ndefu. Waliokufa, wale wenye gamba, tuliwaacha watoke wenyewe, kwa sababu kumchimba mdudu aliyekufa ni kumwongezea mtoto kidonda bure. Walio hai tuliwatoa kwa awamu, wachache kila mara, tukianza na wale walio chini ya kidole gumba ambao ndio waliomzuia kukanyaga. Sindano mpya, miguu imelowekwa kwanza, dawa ya kusafishia kidonda baadaye. Muuguzi wa zahanati aliifanya kazi hii kwa mkono mwepisi ambao nisingeuweza. Mtoto akapewa antibayotiki kwa ajili ya usaha na akaanzishiwa chanjo ya pepopunda, kwa sababu vidonda vya tekenya ni mlango wa pepopunda, na kuna watu waliokufa hivyo.

Bibi alitutolea pini yake, imefungwa kwenye kitambaa. Ilikuwa inatumika kwa kila mtu, na majirani huja kuiazima. Tulizungumza kuhusu hilo kwa muda. Pini inayotoka kwenye mguu wenye damu na kuingia mguu mwingine inaweza kupitisha homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Kama hakuna njia nyingine, kila mtu awe na sindano yake, ichemshwe kabla na baada.

Majirani walikuwa na mapendekezo: mafuta ya taa, maji ya betri, dawa ya kuogeshea ng'ombe. Naomba sana asiwepo anayewapaka watoto vitu hivyo. Vinababua ngozi iliyokwisha kupasuka, na dawa ya mifugo inapenya mwilini. Mwingine aliuliza kuhusu vidonge vya ivermectin. Vimewahi kulinganishwa na vidonge visivyo na dawa kwa wagonjwa wa matekenya, na havikuleta tofauti.

Kwa upande wa sakafu, hatua ya kwanza haikuhitaji fedha: mkeka ukatolewa nje juani, vumbi la kandokando ya kuta likakwanguliwa na kutupwa mbali, sakafu ikamwagiwa maji na kusiribwa kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na samadi, ikashindiliwa mpaka kwenye pembe. Mtoto akatengenezewa kitanda cha kamba. Mbwa akahamishiwa nje na afisa mifugo akamshughulikia. Shangazi akaahidi saruji kwa chumba kile kimoja, na alitimiza. Mifuko ilifika kwa lori la dagaa lililokuwa linarudi tupu.

Baada ya mwezi

Wiki mbili za mwanzo shangazi alinipigia akiwa na wasiwasi: mtoto ana vitone vipya. Ilikuwa imetarajiwa. Waliokuwa wamejifunga ardhini kabla ya sakafu kuguswa walikuwa bado wanatoka. Nilimwomba mhudumu wa jamii aendelee kumkagua kila jioni na kuwatoa wakiwa wachanga, kabla hawajafikia kutaga. Tekenya wa siku mbili anatoka kirahisi na haachi tundu kubwa.

Tulipomwona tena baada ya saruji kukauka, mashimo yalikuwa mengi na makavu, magamba machache, na hakukuwa na doa jeupe hata moja kwenye mguu wa kushoto. Kucha zilikuwa zinachomoza. Mguu wa kulia ulikuwa na kitone kimoja kibichi, cha siku moja au mbili. Kwa kuwa alama zote nyingine zilikuwa za zamani, hakikuweza kuwa cha chumbani. Tukamuuliza anacheza wapi, akatupeleka nyumba ya tatu kutoka kwao, ambako watoto wawili wadogo na mama yao walikuwa na matekenya, wachache, na hawakuwa wamesema kwa mtu kwa aibu. Mhudumu wa jamii ameanza nao. Darasani kwake sakafu ni ya saruji na ni nzima, kwa hiyo shule hatukuihusisha na chanzo, ila tulizungumza na mwalimu wa afya ili mtoto arudishwe kwenye dawati la katikati. Alikuwa amewekwa peke yake nyuma, wenzake wakidhani wataambukizwa kwa kukaa karibu. Tekenya hatoki kwenye mguu wa mtu akaingia kwa jirani yake. Lazima apitie ardhini kwanza.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliyaingiza magonjwa ya wadudu wa ngozi, upele na matekenya yakiwemo, kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Ni hatua ninayoishukuru, lakini kwa nyumba ile kilichohitajika kilikuwa kuwahi kuonwa na mtu mmoja anayejua anachokitazama. Ukiona mtoto anayekanyaga kwa visigino au kwa kingo za nyayo, mvue viatu, mwoshe miguu, tafuta kitone cheusi ndani ya duara jeupe. Ukikuta zaidi ya wachache, au usaha, au uvimbe wa kinena, au homa, au taya kukaza, usichokonoe nyumbani, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo.

Bibi amepewa rufaa ya kliniki ya macho, na upasuaji wa jicho la kulia umepangwa kwanza. Mpaka atakapopona, binti wa jirani wa darasa la sita anakagua miguu ya mtoto kila jioni kabla jua halijazama, na bibi anakaa pembeni akimwelekeza pa kuangalia.